Sura ya Sita: Mwezi wa Ukutani na Mwezi wa Angani

Mara ya kwanza nilipokwenda Nyamisati, mlangoni mwa delta ya Rufiji, nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa jambo moja. Likizo nilikuwa nimeomba, nauli nimehesabu, tochi na dawa ya mbu nimenunua, na siku nimechagua: Jumamosi moja ya mwezi Juni, kwa sababu Jumamosi ilinifaa. Nilipofika gatini asubuhi na kumwomba mzee mmoja mwenye boti anipeleke ndani ya mikoko, hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe. Akacheka kwa upole. "Huo mwezi wa ukutani, mwanangu. Mimi nakuuliza wa angani."

Ulikuwa mwezi kumi na sita, yaani bamvua. Maji yalikuwa yakitoka mbio kana kwamba yameitwa. Nikamsihi: "Mzee, shikamoo yangu nimeshakupa, nimetoka mbali, twende hivyo hivyo." Akakubali, nadhani ili nijifunze. Saa nne haijafika tulikuwa tumepwelewa. Boti ililala ubavu juu ya tope, upondo haukuwa na kazi, jua lilipanda, nasi tukakaa hapo zaidi ya saa tatu tukiwatazama kaa wakitoka mashimoni kutushangaa. Mzee alivuta kofia usoni akasinzia. Maji yaliporudi aliamka kabla yangu kuyaona.

Sura hii imetokana na saa zile tatu. Ni sura ya kupanga safari ya delta ya Rufiji na mbuga iliyo juu yake katika msimu wa baridi, wakati wageni hawajajaa.

Foleni ya watu, foleni ya maji

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wameifanya elimu kamili habari ya kutembelea bustani za michezo. Anayetaka kwenda Disneyland ya Paris au Disney World ya Florida anajua kwamba Januari, watoto wakisharudi shuleni baada ya Mwaka Mpya, foleni hupungua na vyumba hushuka bei. Anajua pia gharama yake: siku ni fupi, kuna baridi, na baadhi ya michezo huwa imefungwa ili itengenezwe. Sisi nasi tunayo hesabu hiyo kwa kiasi chetu. Mzazi wa Dar es Salaam anayelijua jiji lake hawapeleki watoto kwenye mabwawa ya kuteleza ya Kunduchi siku ya Idi Pili, labda kama anapenda kusimama juani.

Hesabu hiyo yote ni ya watu. Wakiwa wengi, usiende, wakipungua, nenda. Wengi wetu tunaichukua kama ilivyo na kuipeleka Rufiji, na hapo ndipo tunapokosea. Delta haina geti wala foleni. Unaweza kuingia mwezi ambao hakuna mgeni hata mmoja ukarudi hujaona kitu, kwa kuwa maji hayakuwapo, au upepo ulikuwa mkali, au barabara ilikuwa imekatika. Huku anayesubiriwa si mtu aliye mbele yako. Unasubiri maji.

Kwa hiyo swali la "twende lini?" lina majibu mawili, na lazima yakutane. La kwanza ni la msimu: mwezi gani wa ukutani. La pili ni la siku: mwezi gani wa angani.

Kwa nini Juni

Tuanze na la ukutani. Mwaka wa pwani hii huendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na joto lake. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili mpaka karibu na Oktoba. Katikati ya mabadiliko hayo huja mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Kipupwe, baridi yetu ya pwani, ni Juni, Julai na Agosti, mvua kubwa zikiwa zimekatika na kusi likiwa limekaza.

Masika hayafai kabisa. Udongo wa Rufiji ni mweusi na mzito, na mvua ikiunywesha hushika magurudumu. Kambi nyingi za watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hufunga Aprili na Mei kwa sababu hiyo. Tena bonde lenyewe huvimba: mwaka 2024 mafuriko yaliwakumba wakazi wa Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na nyumba. Si wakati wa kwenda kutalii kwa mtu ambaye yuko juu ya paa.

Julai hadi Oktoba ndio msimu wenyewe wa mbuga. Nyasi zimekauka, wanyama wamesogea kandokando ya mto na maziwa ya Manze na Tagalala, na wageni kutoka ng'ambo wamejaa. Ukienda wakati huo utaona wanyama wengi, na magari mengi yakiwa yamemzunguka simba mmoja.

Kati ya hayo mawili kuna Juni. Mvua imekwisha ila majani bado ni mabichi. Kambi zinafunguliwa na vitanda havijajaa, na baadhi huwa hazijapandisha bei. Mto bado una maji ya kutosha kwa boti. Shule nazo hufunga, jambo ambalo kwa familia ya Kitanzania lina uzito kuliko yote niliyotaja. Utakosa mkusanyiko mkubwa wa wanyama wa Septemba, maana maji yangali kila mahali na mnyama hana haja ya kuja ulipo wewe. Nami naona hiyo ni bei ndogo.

Kama nia yako ni bahari zaidi ya mbuga, ujue pia cha kupata na cha kukosa. Papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari au Machi. Wa Juni hatawaona. Ndege wa pwani wanaotoka Ulaya na Asia nao wengi huwa hawajafika. Badala yake kipupwe ndicho kipindi ambacho makinda ya kasa huanguliwa katika fukwe za Mafia, na kuanzia Julai na Agosti nyangumi hupita baharini wakitoka kusini.

Hesabu ya mwezi

Sasa la angani. Wakazi wa delta wengi ni Waislamu, na tarehe ya mwezi mwandamo wanayo mdomoni kwa ajili ya funga, sikukuu na maulidi. Lakini tarehe hiyo hiyo ni ratiba ya boti. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kwenye mwezi mosi na mwezi kumi na tano na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo, kama mwezi nane na mwezi ishirini na tatu, huwa ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, na mkondo hutulia.

Pwani hii ina bahati ya kanuni rahisi ambayo wavuvi hawahitaji kuiandika. Siku ya bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja mambo hupinduka: siku za maji mafu, saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa. Ndani zaidi ya delta, mbali na bahari, kila kitu huchelewa kidogo, kwa kuwa maji nayo yana safari.

Chukua kanuni hiyo uipange siku yako. Ukienda na watoto au wazazi, chagua maji mafu, kati ya mwezi saba na mwezi kumi, au kati ya ishirini na mbili na ishirini na tano. Mtaondoka asubuhi maji yakipanda, mtakuwa ndani ya mikoko yakijaa, na hakuna atakayepwelewa. Ukitaka kuona tope lenyewe, kaa, mizizi yote ya mikoko ikiwa wazi na ndege wakijilisha, chagua bamvua, lakini mwachie nahodha aamue saa, na ubebe maji ya kunywa na kofia. Mimi niliyapata hayo ya pili bila kuyaomba.

Upepo una zamu yake ndani ya siku. Ndani ya delta mikoko hukukinga. Nje, kwenye mlango wa bahari kati ya bara na Mafia, kusi la kipupwe hunyanyua mawimbi ambayo asubuhi huwa na adabu na alasiri hayana. Anayevuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni apande kivuko kilichosajiliwa, avuke mapema, avae jaketi okozi tangu gatini, na nahodha akisema leo hapana, asimbembeleze.

Manowari iliyosubiri maji

Anayedhani hesabu hizi ni mambo ya wavuvi tu asikilize habari ya Königsberg. Manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua ilipo kabla mwaka haujaisha, lakini kujua ilipo halikuwa tatizo. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia, kwa sababu kina hakikutosha. Wakamtuma mwindaji mmoja, Pretorius, apenye kwenye mikoko apime njia na kujaa kwa maji. Wakaleta kutoka Ulaya meli mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Wakaweka ndege kisiwani Mafia ili zielekeze mizinga.

Tarehe 6 Julai 1915, katikati ya kipupwe, meli hizo mbili ziliingia, zikapigana, zikarudi bila kuimaliza, Mersey ikiwa imejeruhiwa. Zikaingia tena tarehe 11 Julai. Safari hii Königsberg iliharibika vibaya, na nahodha wake Max Looff akaamuru izamishwe pale pale. Ukirudisha kalenda nyuma utaona kwamba siku ile mwezi ulikuwa karibu kuandama. Ramadhani ya mwaka ule ilianza siku chache tu baadaye. Siku ya shambulio la kwanza ilikuwa karibu na maji mafu, ya shambulio la pili ilikuwa bamvua. Sisemi bamvua ndiyo iliyoshinda vita, kwa maana ndege na mizinga vilikuwa na kazi yake. Lakini mvuvi wa Simba Uranga, humo humo deltani, angeweza kuwaambia tofauti ya siku zile mbili bila kupima chochote.

Mizinga ya meli iliokolewa, Wajerumani wakaiburuta nchi kavu na kuitumia vitani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Mabaki ya meli yalionekana kwa miaka mingi juu ya maji kabla tope halijayameza. Ukimwomba nahodha akupeleke mahali hapo, atakuonyesha maji na mikoko. Nenda kwa ajili ya mahali penyewe.

Njia

Magari ya kusini huondoka Mbagala Rangi Tatu. Utapita Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu Mpakani, na hapo umeingia wilaya ya Kibiti. Bungu ndipo pa kuamua. Ukikata kushoto unakwenda Nyamisati, mlango wa delta ya kaskazini na wa kuvukia Mafia. Ukinyoosha unafika Kibiti mjini, mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka Dar es Salaam, na hapo njia ya kulia inakwenda Mloka hadi geti la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere. Usiyachukue yote mawili kwa siku mbili. Delta peke yake inataka siku mbili, na mbuga mbili nyingine, kwani barabara ya Mloka ni ndefu na huchosha kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Kwa mbuga, Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiwango kilicho chini mno kuliko cha mgeni wa ng'ambo. Beba kitambulisho, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoitwa kontroo namba. Usifike getini na noti mkononi. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, ambalo UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, na ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Huwezi kuizunguka. Chukua safari moja ya gari na moja ya boti, ulale.

Ukiwa na siku ya ziada, nyoosha kusini upite Ikwiriri hadi Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walisubiri kivuko cha Ndundu, na masika yakija kusubiri kukawa kwa siku. Mbele ya daraja iko Mohoro, mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Kinjekitile Ngwale Agosti 1905, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji yaliyowaunganisha katika vita vya Maji Maji. Na huko nyuma Kibiti, eneo la Mkukutu, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga za Kirumi, ushahidi kwamba wafanyabiashara waliijua pwani hii karibu miaka 2,000 iliyopita. Nao bila shaka walisubiri maji.

Mikoko na wenyewe

Delta hii ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki uliokusanyika mahali pamoja: zaidi ya hekta 50,000. Tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukiingia na boti usiridhike na neno "mikoko". Omba uonyeshwe mmoja mmoja: mkoko wenyewe uliosimama juu ya mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vidole vya kupumulia kutoka kwenye tope, mlilana ulio mbele ukikabiliana na bahari, mkandaa ambao gome lake lilitumika kutia rangi, msinzi, msikundazi, na mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Boriti za hapa zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na kuezeka nyumba za watu wasioujua mto huu. Leo kukata kunataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Nimeuelezea Juni kama msimu mtulivu. Mtulivu kwa nani? Kwa mwenye hoteli, labda. Kwa mkulima wa Rufiji ni wakati wa pilikapilika. Mpunga unavunwa. Mafuriko yakishuka, ardhi yenye unyevu hupandwa mahindi na kunde, kilimo wanachokiita mlao, na watu hukaa kwenye madungu kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 huko juu, na tangu hapo mkulima wa chini anasoma mto wenye mkono wa binadamu ndani yake. Ukimkuta hana nafasi ya kuzungumza nawe, usimwone mkavu. Umemkuta kazini.

Ukifika kijijini, ripoti kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kuzungukazunguka na kamera. Mwaka 2017 Kibiti ilitajwa sana magazetini kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, na mahali palipopita hayo, mgeni anayejitambulisha huwapa watu usingizi. Patana bei ya boti, mafuta na muda kabla ya kupanda, si katikati ya mto. Nunua kamba na kaa kwa aliyewavua, na machungwa kwa aliye kando ya barabara. Lala ndani ya chandarua hata kama baridi inakudanganya kwamba mbu hawapo. Usinawe ukingoni mwa mto. Mamba hawana msimu, na viboko wa Rufiji ni waogeleaji ambao hata Mafia walifika.

Mpango kwa ufupi

Anza na angani. Chukua kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, tafuta maji mafu yanayoangukia Juni, uyatie alama. Kisha tazama likizo ya shule na ya kazini, uone kama vinakutana. Tatu, mpigie simu mwenyeji, umuulize kama masika yamekwisha kweli na barabara inapitika, kwa sababu mvua haisomi kalenda. Bei na vyumba viwe vya mwisho. Wengi wetu huanza na hivyo vya mwisho, ndiyo maana tunaishia kulala ubavu juu ya tope.

Na hesabu zikikataa kukutana, usilazimishe safari. Ahirisha wiki moja. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni wiki moja tu.